Je, Barua Zote Zifunguliwe?

Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea barua fupi. Baada ya kutusalimu "Tumsifu Yesu Kristo", aeleza ya kuwa ana binti wa miaka 13, na kwamba usiku mmoja, binti akiwa amekwisha lala, simu ya mkononi aliyoiacha mezani ilitoa mlio. Mama akaitazama. Akakuta maneno ya mwanamume asiyemjua, maneno ambayo mtu mzima hamwambii mtoto wa mwenzake. Zaidi ya hayo hakutueleza, wala sisi hatukuhitaji zaidi. Lakini mwisho wa barua yake aliuliza maswali mawili, nasi tumeona vema tuyajibu hapa mbele ya wote, maana hatudhani kwamba ni yeye peke yake ayaulizaye. La kwanza: kwa nini serikali na makampuni ya simu wasisome jumbe zote zipitazo, ili watu wa namna hiyo washikwe kabla hawajawafikia watoto? La pili: je, yeye mwenyewe alifanya vema kuisoma simu ya mwanawe, au aliiba siri isiyo yake?

Swali la kwanza si la mama huyu tu. Limewagawanya watunga sheria wa Ulaya tangu mwaka 2022, limezitaabisha kampuni kubwa za Marekani, nalo latuhusu sisi tulio mbali, kwa kuwa simu tulizo nazo na njia tunazopelekea salamu zetu ni zile zile zao. Mashine iwezayo kupekua jumbe za Paris na Berlin haitashindwa kupekua za Songea na Bukoba. Afadhali basi tulifikiri jambo hili sasa kuliko kuletewa likiwa limekwisha amuliwa.

Tuanzie nyumbani. Wazee wetu wengi wakumbuka zamani zile ambapo waliojua kusoma kijijini walikuwa wachache. Barua ilipofika kutoka mashamba ya mkonge au kutoka Dar es Salaam, mama aliipeleka kwa mwalimu, au kwa katekista, au kwa kijana yeyote aliyefika darasa la nne, naye akamsomea polepole, pengine mara mbili. Msomaji yule alijua deni la nyumba, ugonjwa wa mume, mahari iliyobaki na ugomvi wa ndugu. Aliyajua yote, akanyamaza. Aliyeshindwa kunyamaza hakuletewa barua tena, hata kama alisoma kuliko wote. Hakuna aliyewaandikia watu sheria hiyo, waliijua wenyewe. Barua ni sauti ya mtu asiyekuwapo. Aifunguaye bila ruhusa ni sawa na aliyejibanza nyuma ya ukuta akatega sikio, na mtu huyo hasifiwi po pote.

Ndivyo waonavyo na watu wa mbali. Mwaka 1844 Giuseppe Mazzini, Mtaliano aliyekimbilia London, alianza kushuku kwamba barua zake zafunguliwa posta. Akatia ndani ya bahasha mbegu ndogo ndogo, nywele na punje za mchanga, ili ajue kama mkono wa mtu mwingine umepita. Ulikuwa umepita. Jambo lilipofika Bungeni Waingereza walikasirika mno, na ofisi ya siri iliyokuwa ikifungua barua ikaondolewa. Yafaa tuseme kwamba Mazzini hakuwa rafiki wa Kanisa: mwaka 1849 alikuwa mmoja wa wale watatu waliotawala Jamhuri ya Roma baada ya Papa Pio IX kuukimbia mji. Twamtaja kwa makusudi. Mtu anayeitetea haki ya barua kwa ajili ya rafiki zake tu bado hajaitetea.

Katiba ya Jamhuri yetu, katika ibara ya 16, yaitambua haki hiyo: yataka mawasiliano ya mtu binafsi yahifadhiwe pamoja na nafsi yake, jamaa yake na maskani yake. Sheria za Kanisa nazo, katika kanuni ya 220, zakataza kuvunja haki ya mtu ya kulinda mambo yake ya ndani. Lakini ibara na kanuni hizo hazisemi kwamba siri yashinda kila kitu. Hapo ndipo ugumu unapoanza.

Kwanza yatupasa kuelewa jumbe za siku hizi zafungwaje. Tangu Aprili 2016, mtu atumiapo WhatsApp, maneno yake hugeuzwa kuwa fumbo ndani ya simu yake mwenyewe, yakasafiri hivyo, na kufumbuliwa ndani ya simu ya yule aliyeandikiwa. Wataalamu huita kazi hiyo usimbaji. Kampuni iliyo katikati hubeba sanduku lililofungwa, na ufunguo haina. Mwezi Desemba 2023 wenye Facebook walianza kuzifunga vivyo hivyo jumbe za Messenger, pasipo mtu kuomba. Huu si mchezo wa wajanja. Mke apigwaye usiku aweza kumwandikia dada yake bila hofu. Mgonjwa aweza kumwandikia tabibu wake. Mwandishi wa habari aweza kupokea neno la mtu aliyeona wizi wa mali ya umma. Na yule mwanamume aliyemwandikia binti wa miaka 13 aweza kuandika.

Tusione haya kulitaja ovu lenyewe. Picha chafu za watoto si picha tu. Nyuma ya kila moja yupo mtoto aliyetendewa uovu, na kila ipitishwapo kutoka mkono hadi mkono aibu yake hufanywa upya, hata akiwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Kituo cha Marekani kinachopokea taarifa za makampuni juu ya mambo hayo kilipokea zaidi ya taarifa milioni 36 katika mwaka 2023 peke yake. Idadi ya taarifa si idadi ya watoto, maana picha moja yaweza kutolewa taarifa mara elfu. Lakini hata tukipunguza sana, kinachobaki chatosha kumnyima mtu usingizi. Hapa kwetu, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 na UNICEF, INTERPOL na shirika la ECPAT ulionyesha kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 watumiao intaneti walitendewa maovu ya namna hiyo kwa njia ya mtandao katika muda wa mwaka mmoja. Katika kila darasa la watoto 50 watumiao mtandao, ndio watoto 2.

Basi watu wenye nia njema walitafuta dawa. Mwaka 2009 kampuni ya Microsoft, pamoja na mwalimu wa chuo aitwaye Hany Farid, ilitengeneza mashine ya hesabu iitwayo PhotoDNA. Huichukua picha iliyokwisha kutambuliwa kuwa chafu, huitolea alama kama alama ya kidole, kisha huzilinganisha picha nyingine na alama hiyo. Kwa njia hii makampuni yamezikamata picha nyingi, na wahalifu wengi wamepatikana. Yasifiwe yanayostahili sifa. Lakini mashine hiyo hufanya kazi pale barua zilipo wazi. Penye sanduku lililofungwa haioni kitu.

Ndipo likaja wazo jingine: kama sanduku halifunguliki njiani, mpekuzi na akae ndani ya simu, aione picha kabla haijafungwa. Mwezi Agosti 2021 kampuni ya Apple ilitangaza kwamba itafanya hivyo kwa picha ambazo watu huzipeleka katika ghala lake, na kwamba mtu hatatazamwa ila zikipatikana kama picha 30 zilizo katika orodha. Kabla mwezi haujaisha wataalamu waliipata ile hesabu ndani ya simu, wakaonyesha jinsi ya kutengeneza picha mbili zisizofanana kabisa zenye alama moja. Septemba kampuni iliahirisha, na Desemba 2022 ikaacha kabisa. Wakati huo Tume ya Ulaya ilikuwa imekwisha toa, tarehe 11 Mei 2022, mapendekezo ya sheria ambayo yangeweza kuzilazimisha kampuni kutafuta picha hizo, hata zile mpya ambazo hakuna aliyezijua, na hata maneno ya kuwavuta watoto, ndani ya jumbe za watu, zikiwamo zilizofungwa. Bunge la Ulaya, mwezi Novemba 2023, lilitaka jumbe zilizofungwa ziachwe, na upekuzi uwe juu ya wale tu wanaoshukiwa kwa sababu za kweli. Serikali za nchi wanachama zilivutana zaidi ya miaka mitatu, hata Novemba 2025 zikafikia msimamo wao: shurti ikaondolewa, na kampuni zipendazo kupekua kwa hiari zikaachwa ziendelee.

Sasa tuseme sisi twaonaje.

Twakiri kwanza ya kwamba siri si mungu. Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba jambo mtu aliloambiwa kwa siri, nje ya kitubio, aweza kufungwa kulifichua ikiwa lamletea mwingine madhara makubwa. Aliyeahidi kunyamaza hakuahidi kuwa mshiriki wa uovu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yafundisha vivyo hivyo juu ya siri za kazi, za waganga na wanasheria na askari: zitunzwe, isipokuwa pale ambapo kuzitunza kutaleta madhara mazito kwa mtu, na hakuna njia nyingine ya kuyazuia. Siri ya kitubio peke yake haina mlango wa nyuma. Lakini hiyo ni ya sakramenti, nasi hatuileti hapa iwe kipimo cha siri za simu.

Twakiri la pili, na hili kwa uchungu. Mapadre hatuna ujasiri wa kuisifu siri bila kuinamisha kichwa. Katika nchi nyingi siri za ofisi za Kanisa, si za kitubio, ziliwafunika watu waliowaharibu watoto, na waliojua walinyamaza wakidhani wanaliokoa jina la Kanisa. Mwezi Desemba 2019 Papa Fransisko aliiondoa ile siri ya kipapa katika kesi za namna hiyo. Atakayetuambia, "Ninyi mapadre mwatetea siri kwa sababu mwaijua faida yake", hatutamkasirikia. Atakuwa amesema neno ambalo tumelistahili.

Walakini tazameni vizuri mafundisho hayo yanamsema nani. Yamsema mtu aliyekwisha kujua. Tabibu aliyemwona mtoto ana majeraha, jirani aliyesikia kilio, mwalimu aliyeambiwa na mwanafunzi wake, padre mkuu aliyeletewa malalamiko ofisini: hawa wanajua, nao wakinyamaza wamekosa. Kosa la wale wakuu wa Kanisa lilikuwa hilo hasa, kwamba walijua. Lakini hakuna mwalimu wa maadili tumjuaye aliyefundisha kwamba, kwa kuwa ajuaye hapaswi kunyamaza, basi asiyejua aruhusiwe kuingia nyumba zote, avunje makasha yote, asome barua za wote, ili apate kujua. Kufichua ulijualo ni kitu kimoja, na kupekua usilolijua ni kitu kingine. La kwanza ni wajibu uliozaliwa na jambo lililotokea. La pili laanza na watu ambao hakuna neno lo lote juu yao, likawafanya washukiwa mpaka mashine itakaposema vingine. Hakimu akitoa hati ya kupekua nyumba ya Fulani kwa sababu zilizotajwa, Fulani hana haki ya kulalamika. Akitoa hati ya kupekua nyumba zote za wilaya kila usiku, hata kama amtafuta mwuaji wa kweli, huyo ameacha kuwa hakimu.

Wengine watatujibu kwamba kwenye kiwanja cha ndege sote twapekuliwa, na hakuna alalamikaye. Ni kweli. Lakini pale msafiri ajua, amekuja mwenyewe, mzigo wake hutazamwa mbele ya macho yake, na akikwisha kupita mlango kazi imekwisha. Hakuna askari amfuataye hadi chumbani. Tena forodhani hufunguliwa vifurushi, na bado twaona barua haifanani na kifurushi. Katika kifurushi mna vitu vya mtu. Katika barua yumo mtu mwenyewe.

Wengine watasema: mashine haisomi, yalinganisha alama tu, asiye na picha chafu ana hofu gani? Hawa twawajibu kwa habari ya kweli iliyotangazwa na gazeti la New York Times mwezi Agosti 2022. Mwaka 2021 huko San Francisco, baba mmoja aliona mwanawe mdogo amevimba sehemu zake za siri na aumia. Siku zile za UVIKO wagonjwa wengi walitazamwa kwa simu. Muuguzi akaomba picha zipelekwe ili daktari atazame. Zikapigwa, zikapelekwa, daktari akatoa dawa, mtoto akapona. Lakini simu ya baba ilikuwa ikizipeleka picha zake zote katika ghala la Google, na mashine ya huko, isiyolinganisha alama tu bali iliyofundishwa kukisia picha mpya, ikaiona moja kuwa uhalifu. Baada ya siku mbili alifungiwa kila kitu: barua zake, picha za utoto wa mwanawe, hata namba yake ya simu. Polisi wakaarifiwa, wakayapekua yake yote, wakaona hakuna kosa. Mpelelezi alipotaka kumpasha habari hizo njema alishindwa, maana simu na barua za mtu yule hazikuwa zikifanya kazi tena. Baba akaipelekea kampuni maneno ya polisi, na kampuni ikashikilia uamuzi wake.

Baba huyo hakudhulumiwa na mtu mbaya. Hilo ndilo litutishalo. Kila mmoja alifanya kazi yake: muuguzi, mashine, kampuni, polisi. Wala haikuwa barua iliyofungwa. Ilikuwa ghala wazi. Sasa fikirini mashine ya kukisia ikiwekwa juu ya kila mazungumzo. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme hukosea mara moja katika picha 10,000, ambayo ni kazi nzuri kuliko ya wanadamu wengi. Zikipita picha bilioni 1 kwa siku, picha 100,000 za wasio na hatia zitashukiwa siku hiyo, na kesho yake 100,000 nyingine. Nani atazitazama? Atakayezitazama ni askari yule yule aliyepaswa kumtafuta mtoto aliyefungiwa chumbani mahali fulani. Mtoto huyo atakuwa chini ya rundo, naye hana muda wa kungoja.

Kisha kuna ile orodha. Mashine hutafuta kilichomo katika orodha, nayo haijui wala haiulizi kilichomo ni nini. Leo ni picha chafu. Aishikaye orodha kesho aweza kuongeza wimbo, hotuba, au barua ya kichungaji, na mwenye simu hatajua. Hatusemi kwamba watu wa Ulaya wanaopendekeza sheria hiyo wana nia hiyo, hatuamini hivyo. Lakini Kanisa lina kumbukumbu. Mwaka 1937 Papa Pio XI aliandika kwa Kijerumani waraka wa kuulaumu utawala wa Hitler. Waraka ule uliingizwa nchini kwa siri, ukapigwa chapa kwa siri, ukachukuliwa kwa mikono ya watu hadi parokiani, kwa sababu posta haikuaminika; na Jumapili ya Matawi, tarehe 21 Machi, ukasomwa katika makanisa ya Ujerumani siku moja. Serikali ilizifunga mashine za chapa zilizoupiga, lakini ilikuwa imechelewa. Kama mpekuzi angaliwekwa ndani ya kila bahasha, asingalichelewa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi juu ya Urusi iliyoamuliwa tarehe 13 Februari 2024, ilisema kwamba kulegeza kufuli za wote ili kuwapata wachache kwapita kipimo cha haki. Twakubaliana nayo.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumefanya vibaya, na mama yule atakuwa na haki ya kutuambia kwamba tumeiokoa kanuni tukamwacha mtoto. Yeye ateteaye kufuli ana deni. Kufuli lina ufunguo katika ncha zote mbili, na mtoto aliyeandikiwa anao mmoja. Akiuonyesha ujumbe kwa wazazi au polisi hakuna usimbaji wa kuzuia. Kampuni zaweza, bila kusoma neno hata moja, kumzuia mtu mzima asiyejulikana asimwandikie mtoto, na kumwekea mtoto njia nyepesi ya kulalamika, na kujibu malalamiko hayo kwa haraka kuliko zinavyojibu sasa. Polisi waweza kujipenyeza katika makundi ya wahalifu, na kuzishika simu za wanaoshukiwa kwa hati ya mahakama. Hayo yote yataka fedha na watu. Serikali isemayo haina fedha za kuwalipa wapelelezi, lakini inazo za kuweka mashine juu ya raia wote, na ijieleze.

Hata hayo yote yakifanyika litabaki jambo moja: wahalifu wawili wanaopelekeana picha kwa hiari yao, wala hakuna kati yao atakayemshitaki mwenzake. Hapo kufuli lalinda uovu kweli kweli. Hatuna jibu la kuliondoa jambo hili, na hatutajifanya tunalo. Twajua tu kwamba watoto wengi huharibiwa ndani ya nyumba, na watu wanaowajua, na bado hatujaweka askari katika kila nyumba. Hatukuweka, si kwa sababu twawapenda watoto kidogo, bali kwa sababu nyumba zote zikiwa na askari hapatakuwa na nyumba tena ya kumlea mtoto huyo. Twasema hivyo tukijua ni nani alipaye gharama. Msomaji akituona tumekosea, na atuandikie, ukurasa upo.

Limebaki swali la pili la mama, nalo ni jepesi kuliko alivyodhani. Mzazi si serikali. Papa Pio XI, yule yule, alifundisha mwaka 1931 kwamba kazi iwezayo kufanywa na kundi dogo isinyang'anywe na kubwa. Na kumlinda mtoto ni kazi ya jamaa kwanza. Mtoto wa miaka 13 hajapewa simu kama mtu mzima apewavyo. Mama afaa kumwambia wazi, "Mwanangu, simu hii nitaitazama", na siku hizo ziwe zinapungua kadiri binti akuavyo, maana wa miaka 17 aliyepekuliwa kila siku hujifunza kuficha tu. Usiku ule mama hakuwa amemwambia. Hilo na limwombe binti radhi. Kutazama kwenyewe hakukuwa wizi.

Asimpige wala asimtukane. Mtoto aliyeogopeshwa na mgeni, akaogopeshwa tena na mamaye, hatasema lolote, na ufunguo tuliousema utapotea. Tena asizifute jumbe zile hata kama zamchafua macho, wala asimjibu mtu yule kwa hasira, maana atakimbia. Kama kuna picha, asiipeleke kwa mtu yeyote, hata katika kundi la simu la jumuiya kwa nia ya kuwaonya wenzake. Kuisambaza ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na binti atakuwa ameaibishwa mara ya pili na watu wa kwao. Aichukue simu ilivyo, aende na binti yake kituo cha polisi, aulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Au kabla ya kwenda apige namba 116, ambayo ni simu ya watoto. Hupokelewa usiku na mchana, wala hailipiwi. Nasi twamwomba atuandikie tena.